Mgeuze mgonjwa kwanza, nguvu baadaye

Sensa ya moyo isiyo na waya ikianza kupoteza data wodini, wengi hukimbilia kupandisha nguvu ya kurusha mawimbi kutoka 0 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) hadi +4. Tafadhali, hilo liwe la mwisho. Vitanda kumi vikiwa vimebanana, sensa zote zinagombania masafa ya GHz 2.4, na inayopaza sauti inawazima majirani.

Anza na mwili. Maji ya mwilini hunywa mawimbi hayo. Mlaze mgonjwa ubavu wenye sensa, kipokezi kikiwa upande wa pili, kisha usome RSSI, yaani nguvu ya mawimbi yanayokifikia kipokezi. Ikishuka kutoka -65 hadi -85 dBm usishtuke. Chipu ya Bluetooth kama nRF52832 husikia hadi -96 dBm, kwa hiyo una akiba ya dB 11, na 10 inatosha. Akiba ikipungua hapo, tia sifongo ya milimita 3 hadi 5 kati ya antena na ngozi, au weka kipokezi cha pili ng'ambo ya kitanda.

Zahanati zenye paa la mabati, na toka Nakuru hadi Kisumu ni nyingi, zina shida yake: mawimbi hudunda na kufutana. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, hivyo kusogeza kipokezi sentimita 6 tu kunaweza kurudisha data.

Sasa waifai. Bluetooth ya sensa hujitangaza kwenye MHz 2402, 2426 na 2480, nafasi zilizochaguliwa kukwepa chaneli 1, 6 na 11 za waifai. Mtu akiweka ruta chaneli ya 4 ili amkwepe jirani, kitovu chake ni 2427, yaani ameikalia 2426 kabisa. Vilevile, stima ikipotea na kurudi, ruta iliyoachwa ijichagulie inaweza kuhama chaneli. Ifunge kwenye 1, 6 au 11.

Kuhusu betri: kushuka kutoka +4 hadi 0 dBm hupunguza nguvu mara 2.5, lakini mkondo wa chipu hiyo unatoka miliampea 7.5 hadi 5.3 tu. Betri huokolewa na kutuma mara chache. Joto la mwili kila sekunde 30 latosha. Kushusha nguvu ni kwa ajili ya majirani.

Ukiandika programu ya kurekebisha nguvu, pakiti 3 zikipotea mfululizo panda hatua moja papo hapo. Kushuka, subiri dakika nzima ya RSSI nzuri, la sivyo kila mgonjwa akijigeuza nguvu itapanda na kushuka usiku kucha.