Siku tatu za kuendesha mashindano ya sarakasi za ndege

Kwa miaka tisa nimeruka sarakasi za ndege, na muda wote huo niliamini mashindano hufanyika angani. Nilipokubali kuwa mkurugenzi wa mashindano ya kanda yetu ndipo nilipoelewa kwamba sehemu kubwa hufanyika chini. Rubani hukaa ndani ya boksi, yaani eneo la anga lililowekewa mipaka ya kufanyia sarakasi, dakika nne au tano tu. Ili dakika hizo zipate alama za haki, lazima watu karibu ishirini wakae shambani shingo zimeinuliwa, na kila mmoja awe anajua kazi yake.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonidanganya. Tulikuwa na marubani 22 katika madaraja manne, na kila mmoja alitakiwa kuruka mara tatu. Mruko mmoja ni mfululizo mmoja wa maumbo ambayo ndege huyachora angani. Kwanza ni mfululizo unaojulikana, ule unaotangazwa kabla ya msimu kuanza na kila mtu ana miezi ya kuufanyia mazoezi. Halafu mfululizo huru, anaoutunga rubani mwenyewe. Mwisho ni mfululizo usiojulikana, ambao marubani hukabidhiwa mashindano yakiwa yameshaanza na hawaruhusiwi kuujaribu wakiwa ndani ya ndege. Wale wa daraja la chini kabisa hawakuwa na huo wa mwisho; wao waliruka mwingine mahali pake. Jumla ni miruko 66. Nikatenga dakika 8 kwa kila mruko, nikapata dakika 528, yaani chini kidogo ya saa tisa za hewa nzuri. Siku tatu zingetosha na kubaki. Hesabu hiyo haikuwa na wingu ndani yake, wala haikuwa na muda wa kuwahamisha watu kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Kilichonitisha zaidi ni idadi ya watu. Mwamuzi mmoja hafanyi kazi peke yake. Kando yake yupo msaidizi anayemsomea umbo linalofuata, na karani anayeandika alama, kwa sababu mwamuzi haruhusiwi kushusha macho hata kidogo. Waamuzi watano ni watu kumi na tano. Ongeza mwamuzi mkuu na wasaidizi wake, mtu wa redio, mtu wa kuwapanga marubani kwenye njia ya kurukia na mtu wa kupeleka karatasi ofisini. Mimi nilikuwa na watu kumi na mmoja wa kujitolea. Tuliokolewa na marubani wenyewe. Daraja la chini liliporuka, marubani wa madaraja ya juu walikuwa waamuzi. Wa juu waliporuka, wale wa chini wakawa makarani. Si jambo jipya, mashindano mengi madogo huishi hivyo, ila lazima upange majina mapema na kuhakikisha hakuna mtu anayeondolewa kwenye mstari wa waamuzi huku ndege yake inatakiwa iwe imeshawashwa.

Vibali sitavizungumzia sana. Mamlaka ya anga ilitupa ruhusa ya kutumia anga hiyo, NOTAM, yaani tangazo rasmi kwa marubani, ikatoka kuwaonya wengine, mwenye uwanja akakubali, bima ikalipwa. Ushauri wangu ni mmoja tu: anza miezi kadhaa kabla, na ongea na watu wanaoishi chini ya boksi kabla hawajasikia injini.

Boksi lenyewe ni mita 1,000 kwa mita 1,000 ardhini, na rubani lazima auone mpaka wake akiwa kichwa chini miguu juu. Tuliweka alama kwa vitambaa vyeupe vipana, pembeni na katikati, tukapima kwa GPS na kuvipigilia vigingi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza upepo ulivuma. Asubuhi niliendesha gari kuzunguka alama zote nikakuta kitambaa cha kona moja kimejikunja katikati na nusu yake imeingia kwenye majani. Kutoka juu kona ile isingeonekana kabisa, na rubani angepanga mruko wake wote kwa kona tatu. Nilipiga magoti nikakikunjua, nikaongeza vigingi, na tangu hapo kila alfajiri nilizunguka mwenyewe. Kazi hii simwachii mtu.

Ukaguzi wa ndege tulimpa fundi mmoja asiye na haraka. Alianza na makaratasi na bima, kisha parachuti, mikanda ya kiti, halafu akaingia mkiani na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Kwenye ndege ya nne alikaa kimya muda mrefu. Akanyoosha mkono, akatoa skrubu ndogo iliyokuwa imelala sentimita chache kutoka kwenye fimbo inayosukuma usukani wa mkiani. Akaiweka kiganjani mwa rubani bila neno. Ndege ya kawaida ingeweza kuibeba skrubu ile miaka mingi bila madhara. Ndege ya sarakasi hupinduka, na kila kilicholegea sakafuni huruka na kutua kinapotaka, na kikikwama kwenye fimbo hiyo rubani hawezi tena kuiongoza ndege. Yule kijana alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. Mwingine alikasirika tulipomwambia tarehe ya kukunjwa upya kwa parachuti yake imepita. "Kaka, siwezi kukuruhusu," nilimwambia, na niliumia kusema hivyo kwa sababu alikuwa amesafiri mbali. Mwenzake akamwazima ya akiba.

Jioni hiyo niliwakusanya wote watakaokaa mstarini. Wengine walikuwa hawajawahi kuona mchoro wa mfululizo, ule wenye mistari, mishale na pembetatu. Niliwaeleza kwamba lugha hii ya michoro ilitokana na kazi ya rubani Mhispania, José Luis Aresti, na kwamba ndiyo inayotumika hadi kwenye mashindano ya dunia. Kila umbo lina namba ya ugumu, tunayoiita K. Mwamuzi huanza na 10 akilini mwake, hupunguza alama moja kwa kila digrii 5 za kupotoka, nusu alama kwa digrii 2.5, kisha kile kinachobaki huzidishwa na K. Kwa hiyo lupu, yaani duara la wima, inayoonekana tamu machoni inaweza kupata 6 kwa sababu nusu yake ya juu ni nyembamba kuliko ya chini. Tulifanya mazoezi na kindege cha mbao: mmoja anakisogeza hewani, wa pili anatoa alama, wa tatu anaandika. Baada ya saa moja hakuna aliyekuwa anatazama saa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ndiyo nisiyoisahau.

Waamuzi hutakiwa wawe na jua mgongoni. Asubuhi tuliwaweka upande wa mashariki wa boksi, wakitazama magharibi. Upepo ulitoka kaskazini, kwa hiyo kwao ulitoka kulia. Mfululizo wowote huchorwa mara mbili: fomu moja ya upepo unaotoka kulia kwa mwamuzi, nyingine ya upepo unaotoka kushoto, ili mwamuzi aone kwenye karatasi kile hasa anachokiona angani. Nilikuwa nimechapa fomu za kulia peke yake, kwa sababu upepo wa kaskazini ulikuwa umetabiriwa siku zote tatu.

Mchana tulihamisha mstari kwenda magharibi. Magari mawili, viti, miavuli, maji, redio, karibu nusu saa. Watu wakakaa, rubani wa kwanza wa daraja la kati akaitwa, akatikisa mabawa mara tatu kuonyesha anaanza. Msaidizi mmoja, mama aliyekuja mashindanoni kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya wasiwasi, "Samahani, mbona kwenye karatasi yangu ndege inaenda upande mwingine?"

Alikuwa na haki. Upepo ulikuwa uleule wa kaskazini, lakini waamuzi walikuwa wamegeuka, na kaskazini sasa ilikuwa kushoto kwao. Fomu zote mikononi mwao zilikuwa kinyume. Mwamuzi mkuu, mzee aliyekaa kwenye mistari mingi kuliko sisi wote, aliinua redio akamwamuru rubani asimamishe mruko, apande na asubiri. Kisha akanigeukia. "Mkurugenzi, fomu za kushoto ziko wapi?" Hazikuwepo. Nilirudi ofisini mbio, tukachapa kila mfululizo wa kila rubani kwa kila mwamuzi, na mashine ikajaa karatasi mara mbili. Rubani aliyekuwa juu alitua mafuta yasije yakamwishia. Tulipoteza saa mbili na dakika kumi za anga ya bluu isiyo na hata wingu moja, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Niliwaomba radhi marubani wote kwenye kikao cha jioni kabla ya kusema kitu kingine chochote.

Ofisi ya alama nayo ilikuwa na lake. Tulikuwa na utaratibu kwamba mmoja anasoma karatasi, mwingine anaingiza kwenye programu, kisha wanabadilishana na kukagua upya. Katika ukaguzi huo dada mmoja aligundua kwamba waamuzi wanne walikuwa wamempa rubani sifuri kwenye umbo la sita, na wa tano amempa 8.5, kwenye umbo la saba wanne wametoa alama za kawaida, wa tano ana sifuri. Karani wa mwamuzi wa tano alikuwa ameruka mstari mmoja wa karatasi, na kuanzia hapo kila alama ilikuwa imekaa chini ya mahali pake. Tulimwita yeye na mwamuzi wake, wakapitia maelezo mafupi yaliyoandikwa kando, mwamuzi mkuu akaidhinisha masahihisho. Kesho yake kila karani alitakiwa kutamka namba ya umbo kabla ya kuandika. "Sita, nane." "Saba, saba na nusu." Halikutokea tena.

Palikuwa na rufaa moja. Rubani mmoja alipewa sifuri kwenye spini, yaani kushuka huku ndege ikizunguka, kwa maelezo kwamba ndege haikupoteza nguvu ya mabawa kwanza, bali aliisukuma tu iingie kwenye mzunguko. Yeye aliamini iliingia sawasawa. Kamati ya watu watatu ambao hawakushindana katika daraja lake iliwasikiliza pande zote kwa dakika ishirini, na sifuri ikabaki. Hakuridhika, lakini alisikilizwa hadi neno lake la mwisho, na hilo nililisimamia mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka kabla ya jua, nikatoka kuzungukia alama, nikawaona marubani wa daraja la kati kwenye sehemu ya kuegesha ndege. Walikuwa sita, kila mmoja ameshika karatasi ya mfululizo usiojulikana waliokabidhiwa jana yake. Walitembea taratibu macho yamefumbwa, kiganja kimoja kikiwa ndege: kinapanda wima, kinageuka, kinashuka, mwili mzima ukigeuka nacho pale mfululizo unapogeuka. Hawana ruhusa ya kuujaribu angani, kwa hiyo huucheza kwa miguu mpaka uingie mwilini. Hakuna aliyezungumza. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotakiwa.

Wingu lilifika saa nne. Katika kanuni tulizotumia, daraja la chini halishuki chini ya futi 1,500 kutoka ardhini, na lile la juu kabisa linaweza kushuka hadi mita 100, lakini wote wanahitaji nafasi ya kupanda, na dari ya wingu ilikuwa inashuka. Mwamuzi mkuu na mimi tulipanga upya orodha: waliobakiza mruko mmoja na waliokuwa tayari waruke kwanza. Madaraja matatu yalimaliza. Zamu ya daraja la kati ilipofika, rubani aliyetumwa kupima hali ya hewa aliripoti wingu kwenye futi 1,900. Tulisubiri hadi saa kumi jioni. Halikuinuka.

Matokeo ya daraja lile yalitolewa kwa miruko miwili, kama kanuni zinavyoruhusu. Wale sita hawakulalamika. Mmoja wao aliikunja karatasi ya usiojulikana mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa suti yake ya kurukia, akasema, "Nilikuwa nimeshaujua wote." Saa mbili na dakika kumi za siku ya pili zingewatosha wote sita na muda ungebaki.

Jioni ile tulikwenda watu wanne kung'oa vitambaa. Yule mama aliyeona fomu ziko kinyume alikuja nasi, akashika ncha ya pili ya kila kitambaa tulipokikunja, na akaniuliza mafunzo ya uamuzi hufanyika lini. Nimemweka kwenye orodha ya mwakani. Vitambaa viko kabatini, kila kimoja sasa kina vigingi kumi badala ya vinne, na juu yake kuna kasha lenye bahasha mbili kwa kila daraja: moja imeandikwa KULIA, nyingine KUSHOTO.