Sahani ya Krismasi

Siku ya Krismasi London mabasi hayatembei, wala treni za chini ya ardhi. Saa kumi jioni haijafika, jua limeshazama. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama dirishani nikautazama mtaa mzima, hakuna hata mtoto mmoja nje. Nililia.

Kwetu Kirumba, Mwanza, siku hiyo nani anakaa ndani? Hatukuwa na mengi. Mti wetu ulikuwa tawi la msonobari tulilochomeka kwenye ndoo ya mchanga, tukalibandika pamba ya Usukumani (Mwanza hata timu ya mpira inaitwa Pamba) na kusema hiyo ndiyo theluji, sisi ambao theluji hatukuwahi kuiona. Mambo ya zawadi za kufungwa kwenye karatasi hatukuyajua. Nguo mpya, soda moja ya chupa, basi. Jioni tulikwenda kulitazama Jiwe la Bismarck lililosimama katika Ziwa Victoria, na pantoni ya Kamanga ikivuka.

Kazi yetu kubwa watoto ilikuwa sahani. Tukitoka kanisani, hakuna kula kabla sahani hazijatoka. Mama alizipanga mkekani, zile za bati zenye maua, akapakua pilau, kipande cha kuku juu, kachumbari pembeni, akafunika na kuanza kutuma: "Hii ya Mama Mkubwa. Hii ya fundi baiskeli. Hii mpelekeeni yule babu wa Mwaloni, hana mtu." Mama Mkubwa alikuwa jirani yetu Mwislamu; Idi ikifika, sahani yake ndiyo ya kwanza kupiga hodi kwetu. Ulibeba kwa mikono miwili, viatu vipya vinakubana, joto la wali linapenya kitambaa hadi viganjani. Njiani mnapishana na watoto wa nyumba nyingine, nao wamebeba zao wanakwenda kwenu. Na sahani hairudi tupu. Hata nyumba isiyo na kitu itakutilia maembe mawili, au andazi moja, na salamu kwa mama.

Hicho ndicho ninachokikosa huku. Chakula kipo, tena kingi. Pa kukipeleka ndipo hapakuwa.

Krismasi iliyopita nilipika pilau, nikafunika sahani, nikamgongea bibi wa mlango wa pili anayeishi peke yake. Alidhani nimekosea nyumba. Nilipomweleza, machozi yalimlengalenga. Jioni ileile akaja kuirudisha, akasema amekula yote. Sahani imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Tupu.

Nilimsimulia mama kwenye simu kesho yake. Akanyamaza kidogo.

"Amesema amekula yote?"

"Yote, mama."

"Basi mwakani mpelekee tena, baba. Atazoea."