Safari hii kijiji ndicho kilichopanga

Ndugu zangu, leo tumegawa kingatiba ya usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha, huku Mahenge, Morogoro, na nina furaha kubwa mno. Dawa ni ileile ya miaka yote, ivamektini, inayoua minyoo michanga inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni kabla haijaharibu macho. Kilichobadilika ni kikao. Mkutano wa kijiji ulipanga siku baada ya mavuno, ukachagua wagawaji wake. Mama mmoja aliyekuwa akitukwepa kila mwaka alikuja mwenyewe kwenye fimbo ya kupimia urefu, inayoonyesha mtu apewe vidonge vingapi, kwa kuwa anayempimia ni jirani anayemwamini. Utaratibu huu unatumika Afrika tangu miaka ya 1990, mbona miaka yote tumekuwa tukipanga tarehe ofisini? Kesho tunawafuata walioko mashambani. Balozi wa nyumba kumi ameshatuandikia majina.