Steki ya kikaango ilinikubali nilipoanza kuikausha

Kilichonifungua macho kuhusu steki ni maji. Nyama inaweza kuwa nzuri, kikaango kizuri, moto mkali, lakini uso wa nyama ukiwa na majimaji hutakaanga, utachemsha. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100 sentigredi, ilhali ule ukoko wa kahawia unaotafutwa na kila mtu hauji kwa kasi mpaka joto la uso wa nyama lifike karibu nyuzi 140. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kemia yake mwaka 1912: asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zinakutana kwenye joto na kuzaa rangi, harufu na ladha ambazo nyama mbichi haina. Panapotota hazipati nafasi hiyo.

Tena maji ni mwizi wa moto. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula nishati zaidi ya mara tano ya ile iliyotumika kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Nilipolielewa hilo niliacha kulaumu jiko. Moto ulikuwepo, ila ulikuwa unaishia kwenye kukausha nyama, na wakati uso unaanza kupata rangi, ndani pameshaiva kupita kiasi.

Kuhusu kipande sina maneno mengi. Sarara, mgongo au ubavu, vyote vinafaa, alimradi kitoke sehemu ambayo mnyama haifanyishi kazi sana. Shingo na miguu zina kolajeni nyingi, ile protini inayoifanya nyama kuwa ngumu, zinataka moto wa taratibu na saa kadhaa, kwa hiyo kikaango hakiziwezi. Nisichokubali ni wembamba. Chini ya sentimita 3 sihangaiki nacho. Afadhali kipande kimoja kinene cha kugawana watu wawili kuliko viwili vyembamba, kila mtu na chake.

Chumvi naipaka jana yake. Kwa kipande cha nusu kilo ni kijiko cha chai kisichojaa, pande zote mpaka kwenye kingo. Dakika chache baadaye nyama inaanza kutoa jasho: vitone vidogo vinachomoza, vinaungana, uso unang'aa. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuipeleka motoni. Ukiwa na subira, chumvi inayeyuka ndani ya yale maji, na baada ya kama dakika 40 nyama inaanza kuyanywa tena pamoja na chumvi yake. Kisha naiweka juu ya wavu, sahani chini, rafu ya chini kabisa ya friji ili isidondokee vyakula vingine, na siifuniki. Kesho yake imebadilika rangi, ina wekundu wa damu ya mzee, uso umekaza, na ukipitisha kidole hakitoki na unyevu. Hapo najua nusu ya kazi imekwisha hata jiko sijawasha.

Kama wageni wamekuja bila kupiga hodi, nachagua moja: chumvi dakika 45 kabla, au chumvi ile sekunde nyama inapoingia kikaangoni. Katikati ya hapo ni matope. Kwa vyovyote vile naikandamiza kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi itoke kavu. Ile desturi ya kuitoa nyama kwenye friji saa nzima kabla ili ipoteze ubaridi nimeiacha. Katikati ya kipande kinene hapapati joto la maana kwa muda huo.

Kikaango ninachotumia ni cha chuma, kizito, kisicho na ule utando wa kuzuia kugandisha, maana utando haupendi joto la namna hii. Chuma kizito kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachii kirahisi nyama baridi inapotua. Nakipasha dakika kadhaa kwa moto wa kati, kisha naongeza. Mafuta ni ya kawaida ya kupikia, yaliyosafishwa, kijiko kimoja. Yanapokuwa mepesi kiasi kwamba ukiinamisha kikaango yanakimbia, na uzi wa moshi unachomoza pembeni, nyama inaingia. Dirisha nafungua kabla, si baada.

Sauti yenyewe inakuambia. Nyama iliyokauka ikitua inalia kwa ukali na haishuki. Nyama yenye maji inalia kidogo, halafu inaanza kugugumia, na ukichungulia unaona vipovu vya kijivu pembeni. Naigandamiza kidogo kwa koleo ili uso wote uguse chuma, naiacha dakika moja, naigeuza. Halafu naendelea kuigeuza kila baada ya dakika moja hivi. Najua wapo wanaoapa kwamba steki inageuzwa mara moja tu. Mimi naona kugeuza mara kwa mara kunaivisha pande mbili kwa usawa na kunapunguza ule mkanda wa kijivu chini ya ukoko. Kipande kikiwa na mafuta kwenye ukingo, nakisimamisha kwa koleo mpaka mafuta yayeyuke na kupata rangi.

Na lile la kwamba moto mkali "unafunga maji" ndani ya nyama? Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840, na mpaka leo linarudiwa jikoni. Sikiliza tu kikaango: ukoko ukishajitengeneza nyama bado inalia, na hicho kilio ni maji yake yanayotoka. Tunautafuta ukoko kwa ajili ya ladha, basi.

Ndani nimekabidhi kwa kipimajoto. Kubonyeza kwa kidole na kukisia ni kwa wanaopika steki hamsini kwa usiku mmoja. Naichoma ncha yake kutoka ubavuni mpaka katikati, na kwenye nyuzi 51 au 52 naitoa, kwa sababu joto la nje linaendelea kuingia na linaifikisha 55 hivi, ambapo katikati ni pekundu, pana uvuguvugu na ulaini. Hayo ni mapendeleo yangu. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzi 63 kisha kupumzishwa dakika 3, na nikipikia mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa nafuata hivyo bila ubishi. Nyama ya kusaga ni habari nyingine: vijidudu vya juu vimeshachanganyika mpaka ndani, kwa hiyo inapaswa kufika 71.

Siagi inaingia dakika mbili za mwisho, moto ukiwa umepunguzwa. Ukiitanguliza, chembe zake za maziwa zinaungua na kuwa chungu. Vijiko viwili, kitunguu saumu kilichopondwa na maganda yake, kijiti cha rozimeri, kiungo cha majani yenye harufu. Povu likianza kutulia nainamisha kikaango na kuchota siagi kwa kijiko, namwagia juu ya nyama, tena na tena.

Naipumzisha dakika tano au zaidi juu ya wavu, maana kwenye sahani mvuke unalainisha ukoko wa chini na kazi ya siku mbili inapotea. Wakati huo namwaga mafuta yaliyobaki, natia supu kidogo kikaangoni na kukwangua kilichogandia chini kwa mwiko. Kinachochuruzika kutoka kwenye nyama nakitia humo humo. Wanaokikimbia wakidhani ni damu nawaambia ni maji na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu. Pilipili manga nasaga sasa, maana kwenye ule moto wa mwanzo ingeungua.

Naikata kwa kukatisha nyuzinyuzi zake, vipande vya upana wa kidole. Akiwepo anayetaka iliyoiva kabisa, vipande vyake vinarudi kwenye ule mchuzi wa kikaangoni kwa nusu dakika, na ukoko unabaki nao.