Wameniandika "Ulaya"

Siku ya pili baada ya kutua nilitoka kwenda mjini kusajili laini ya simu. Wakati wa kurudi nikapanda bodaboda, na tulipoingia Kibada yule kijana akapunguza mwendo. "Sista, unakwenda kwa nani? Mtaa huu nawajua wote, nikufikishe."

Nikamwambia nakwenda kwetu.

"Kwenu wapi?"

Nikamwonyesha mwembe. Ndiyo alama pekee niliyoitambua, na wenyewe umebaki nusu. Matawi ya upande wa kushoto yamekatwa yote ili ukuta wa jirani upite, kwa hiyo unaonekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja kinyozi akapigiwa simu akaondoka.

Nimezaliwa chini ya mwembe ule, Kibada, Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1984. Niliondoka 2009, nikavuka kwa pantoni na begi moja. Nimerudi 2024, nimepita juu ya Daraja la Nyerere, mita 680 za kutanda juu ya maji, lilifunguliwa Aprili 2016 mimi nikiwa Leicester, Uingereza, naangalia picha kwenye simu. Zamani kwenda mjini ilikuwa safari ya kuvaa vizuri. Sasa watu wanakwenda Kariakoo na kandambili.

Kijana wa bodaboda, Mngoni wa Songea, amepanga chumba Gezaulole. Nikamuuliza kama anajua jina hilo maana yake nini. Hajui, alidhani ni jina la mtu. Nikamwambia ni Kizaramo: geza ulole, jaribu uone. Kijiji kile kilipewa jina hilo enzi za ujamaa. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Kumbe mmetutega!"

Na kweli wamejaribu, wameona, wamebaki.

Ngoja nieleze palivyokuwa, maana wengi wanaoishi hapa sasa hawakuwahi kupaona. Palikuwa ni mikorosho, minazi na vijumba vya udongo vilivyokaa mbalimbali. Mpaka wa shamba letu na la jirani ulikuwa mstari wa minanasi. Majirani karibu wote walikuwa Wazaramo na Wandengereko, na wachache walioolewa au kuoa. Mtu akitoka Dodoma au Moshi aliitwa "wa bara", na jina hilo halikuwa la sifa. Nao walikuwa na lao juu yetu, kwamba Mzaramo akipata hela anamcheza mwali na shamba linabaki pori. Sitaki mtu adhani tuliishi peponi.

Kisha ukaja mradi wa viwanja 20,000. Serikali ilipima viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, na Kibada na Gezaulole zikawemo. Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani. Wathamini walipofika baba akagoma kutoka ndani, kwa hiyo kuzunguka nao ikawa kazi yangu. Walihesabu mti mmoja mmoja: huu mkubwa, huu mdogo, huu unazaa, huu umezeeka. Wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye shina. Jioni baba alitoka, akazunguka peke yake akishika zile namba kwa kidole, rangi ikamganda. Akasema, "Hata mkorosho umepata kitambulisho kabla yangu." Vitambulisho vya taifa wakati huo havikuwepo, kwa hiyo alikuwa anasema kweli tupu.

Fidia ilitoka. Wengine walinunua baiskeli na bati, wengine wakaongeza mke, wengine wakaenda kununua shamba mbele zaidi, Mbutu, Kimbiji, mpaka Mkuranga. Shangazi yangu ni wa Mkuranga sasa. Mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wakaambiwa wasiendeleze chochote, na miaka ikapita bila mtu kuthubutu kuongeza tofali. Mimi niliondoka mwaka uliofuata tu, nikisema kama hapa hapajengeki ngoja nikahangaike kwingine. Huo mji mpya uliishia kwenye makaratasi. Baada ya hapo kuta zikapanda kama uyoga. Jiji lenyewe lilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 mwaka 2002, na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Lazima wangelala mahali.

Leicester nilifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na niliishi Oadby, kitongoji cha nje ya jiji. Kule kila fomu inakuuliza asili yako. Ukienda kwa daktari, weka tiki. Ukiomba kazi, weka tiki. Kwa sensa yao ya 2021 hakuna kundi lililofika nusu ya watu wa Leicester. Lakini mji huohuo, mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, halmashauri yake ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende kuishi huko. Walikwenda. Bibi mmoja niliyekuwa namwogesha alizaliwa Jinja. Siku ya kwanza alinikazia macho, akaniambia, "Wewe iko toka wapi?" Nusura nidondoshe beseni. Muhogo anauita mogo, karanga anaziita jugu, na sufuria ni sufuria. Kwa miaka yote niliyokaa Uingereza, mtu wa kwanza kunifanya nijisikie nimefika mahali ni yeye, na alikuwa hakumbuki hata jina langu kutoka asubuhi hadi mchana.

Upande wa pili wa nyumba yangu nilikuwa na jirani tuliyepungiana mikono miaka tisa. Mtu mwema sana. Sijui ndani kwake kuna rangi gani.

Sasa huku kwetu hakuna anayekuandikia fomu. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya 1967. Lakini usidhani watu hawajui! Mama, macho yake hayaoni vizuri, alinipangia mtaa mzima kwa kidole akiwa amekaa kibarazani. Kushoto ni mwalimu mstaafu wa Kihaya, mwenye ukuta uliokula mwembe. Mbele ni mama wa Kichaga wa Machame, ana duka la vifaa vya ujenzi. Kona ile Mmakonde fundi seremala. Kule mwisho Mpemba anayeuza maji kwa boza. Duka la kona ni kwa Mangi, jina la Wachaga, lakini Mangi mwenyewe ni Mkinga wa Makete. Amechoka kusahihisha watu, sasa anaitika tu. Getini kwa mama wa Machame kuna mlinzi Mmasai, mwaka wa kumi na moja huu.

"Na Wazaramo?" nikauliza.

"Mimi hapa. Na mzee wa bondeni."

Kizaramo chake mama anakizungumza kwenye simu tu, na shangazi, usiku vocha ikiwepo.

Nilihitaji barua ya utambulisho, ofisi moja haikutaka kunihudumia bila hiyo. Nikaenda kwa mjumbe. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, amestaafu reli, mtu wa taratibu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu kiti." Akaandika kwa mwandiko mzuri sana kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, amehamia mwaka 2024.

"Mzee, sijahamia. Nimezaliwa hapa."

Akainuka, akaleta daftari lenye jalada gumu. "Mimi nina wakazi wangu tangu 2011. Nimekutafuta humu, haumo." Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha kurasa kabisa, nione mwenyewe. Nikachukua barua yangu. Nilipofika nyumbani mama alicheka, mimi sikucheka mpaka kesho yake.

Wiki ya tatu mzee wa bondeni akafariki.

Alfajiri nilisikia geti la mwalimu likifunguliwa, kisha la mbele, kisha la kona, yale mageti yanayoshinda yamefungwa na kunifanya niamini mtaa umekufa. Saa moja asubuhi turubai lilikuwa limesimama. Kina mama wana chama chao, wanachanga kila mwezi, wamenunua turubai, viti, mikeka na masufuria makubwa ya kupikia watu mia mbili. Kila mtu anajua kituo chake. Mwalimu anapokea rambirambi, kijana wa nyumba mpya anaandika. Mama wa Machame yuko jikoni kwenye mafiga, moshi machoni, anaamuru watu.

Nikajifunga khanga, nikaenda kwenye vitunguu. Walikuwa wanawake sita wamezunguka beseni. Nilipoinama tu, mmoja akanishika mkono. "Hapana dada, wewe mgeni, umechoka na safari. Mleteeni kiti." Safari niliimaliza siku kumi na nane nyuma. Nikaletewa kiti cha plastiki, nikawekwa kivulini na soda ya baridi. Pale uani, ambapo nimecheza kombolela, nilikaa kwenye kiti nikinywa soda.

Nilikokaa nilimwona vizuri mama. Alipotaka kwenda kutawadha alikuwa na tasbihi mkononi, akamkabidhi aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni yule wa Machame, Mlutheri wa kwaya, ndiyo kwanza katoka jikoni. Akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai. Hakuiweka chini wala hakuizungusha. Alibaki ameishika hivyohivyo, vidole vina masizi, mpaka mama aliporudi.

Siku ya kisomo ndiyo nilicheka mpaka nikalia. Kuna binti wa Kinyamwezi, mhasibu, amepanga nyumba ya nyuma. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa inashuka kutoka Tabora kupitia Uzaramo kwenda pwani. Mimi nilijua habari hizo kwa kusimuliwa. Yule binti akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu, kofia yake, na bakora yake mkononi. Akatembea kama yeye, bega moja limeshuka. Akasimama katikati ya mkeka: "Nani kauza korosho zangu? Kahawa yangu iko wapi? Nyie mmekaa mnakula pilau, mimi nimeondoka na njaa!"

Wajane wakaangua kicheko, wakafunika nyuso na khanga. Mama wa Machame yeye alishtuka, akasimama, nafikiri alidhani binti kapandisha mashetani. Akaelezwa. Binti akagoma kuvua kofia mpaka alipwe, tukamchangia. Mtoto wa Kichaga akamvuta mama yake nguo: "Na sisi watani wetu nani?" "Wapare," akajibiwa, "na wao hela hawatoi."

Binti huyo Kinyamwezi hakijui. Utani alifundishwa na bibi yake likizo, Tabora. Watoto wote niliowaona wanakimbizana kati ya viti hakuna aliyekuwa akizungumza chochote isipokuwa Kiswahili, tena hiki cha Dar cha kukatakata. Nimejaribu kuona huzuni yake, nikaiona kidogo kwa mama tu, maana mzee wa bondeni ndiye aliyekuwa akimtania kwa Kizaramo akipita. Sasa hapiti mtu wa kumjibu.

Baada ya kisomo daftari la rambirambi lililetwa kwa mama, yeye ndiye mkubwa aliyebaki, lazima ajulishwe nani katoa nini. Akaniambia nimsomee. Mama Mwalimu, elfu kumi. Mjumbe, elfu kumi. Mangi, elfu kumi na mchele kilo ishirini. Fundi, jeneza la kubebea amelirekebisha, hela hakuna, mama akatikisa kichwa kukubali. Masai, elfu tano. Ulaya, elfu hamsini.

Nikarudia. Ulaya, elfu hamsini.

"Ni wewe," mama akasema.

"Najua ni mimi. Na huyu Masai hana jina?"

Mama alilijua jina lake, na la baba yake, na kwamba mkewe yuko Simanjiro amejifungua binti mwezi uliopita. Kijana aliyeandika ndiye hakujua, na hakuuliza. Kwa miaka kumi na moja Mmasai yule amefungua geti, amewasindikiza watoto wa watu kituoni gizani, na kwenye karatasi ni Masai. Mimi nilitoa hela nyingi kuliko mtaa mzima, nikawa bara zima la watu.

Nikachukua kalamu. Mama akasikia inavyobonyezwa. "Usichafue daftari la watu."

"Narekebisha tu."

"Lile si lako kurekebisha. Rudisha."

Nikalirudisha kwa mwalimu. Aliniangalia kwa muda, nadhani sura yangu ilisema kitu, akanikaribisha ndani kwa mara ya kwanza. Kuta zake ni za kijani, na dirisha la jikoni linatazama kile kipande cha mwembe kilichokatwa. Akaniambia msimu wa maembe huwa wanamjazia mama ndoo, kwa sababu tawi moja limechipua tena upande wake. Mama hakuwahi kuniambia.

Jumamosi kuna shughuli nyumba ya kona, fundi anaoza binti. Orodha ya kazi imepita jana. Viti nimeona vimeandikiwa Masai, na mimi niko vitunguu, saa kumi na moja alfajiri. Nimeambiwa nije na kisu changu.