Mifuko ya mchanga ya kutuliza tripodi ya upimaji

Uzito wa kutuliza tripodi, yaani kisimamo cha miguu mitatu kinachobeba kifaa cha kupimia ardhi, unatakiwa ukae miguuni, karibu na ardhi. Wengi hutundika ndoo ya mawe au dumu la maji kwenye ndoano ya katikati, na mimi siafiki. Mzigo ule unaziba njia ya leza inayoshuka kutoka kwenye kifaa hadi kwenye alama iliyo ardhini, kwa hiyo huwezi tena kuhakiki kama kifaa bado kiko pale ulipokiweka. Upepo nao ukiusukuma, unabembea na kutikisa kichwa cha tripodi.

Usidharau milimita moja. Kifaa kikisogea milimita 1 kwa upande huku prizma (kioo cha kurudisha mwanga ambacho kifaa hukilenga) iko mita 20, pembe inakosea kwa sekunde 10 hivi (sekunde 3600 ni digrii moja). Prizma ikiwa mita 100, kosa ni sekunde 2. Ndiyo maana mistari mifupi, ya ndani ya jengo au kwenye mashimo ya msingi, ndiyo inayonifanya niwe mkali zaidi.

Ninachotumia ni tyubu kuukuu ya gari, ile ambayo ukiilaza bapa ina upana wa sentimita 20. Kata vipande vitatu vya sentimita 64. Kunja mwisho mmoja sentimita 8, ufunge kwa nguvu, kisha mimina lita 2 za mchanga mkavu uliochekechwa na ufunge juu yake. Acha sentimita 10 tupu katikati, funga tena, mimina lita 2 nyingine na umalize mwisho wa pili kama wa kwanza. Unapata mifuko miwili iliyoungana kama matandiko ya punda, yenye kilo 6 na kidogo. Vipande vyote vitatu vinakaribia kilo 19.

Usishindilie mchanga. Mfuko uliojaa pomoni unakuwa mgumu na haukumbatii mguu. Mchanga wenye unyevu pia haufai, maana ukikauka ujazo unapungua na vifungo vinalegea. Kokoto zenye ncha hutoboa mpira. Kwa kufungia, kata utepe wa sentimita 2 kutoka tyubu hiyohiyo. Waya wa kufungia nondo huukata mpira polepole, hasa juani.

Kuvalisha nako kuna utaratibu. Zungusha utepe wa mpira kwenye mguu, sentimita 35 hadi 40 kutoka ncha ya chuma, mizunguko minne au mitano iliyobana, ili uwe kizuizi. Pandisha mifuko juu yake, mmoja kila upande, uizungushie utepe mwingine isicheze. Kisha pitisha vidole chini ya kila mfuko. Ikiwa imelala ardhini, mzigo wote unabebwa na ardhi na mguu haufaidiki chochote. Isiegemee klampu (kibano cha kurefusha na kufupisha mguu) pia, kwa sababu itaisukuma taratibu na mguu utafupika.

Haya yote yafanyike kabla ya kusawazisha kiputo (tone la hewa linaloonyesha kama kifaa kimekaa sawa). Kanyaga ncha kwa kufuata mwelekeo wa mguu, vika uzito, subiri dakika kama tano udongo umalize kubonyea, ndipo usawazishe na kuweka kifaa juu ya alama. Ukiongeza uzito baadaye, rudia kila kitu, pamoja na kulenga tena alama ya nyuma (nukta inayojulikana unayoanzia kupima pembe).

Upepo ukiwa mkali, elekeza mguu mmoja upande ambako upepo unakwenda. Tripodi ikianguka lazima ipinduke kuelekea huko, na umbali kutoka katikati hadi ncha ya mguu ni mara mbili ya umbali hadi mstari unaounganisha miguu miwili (miguu ikiwa imepanuliwa sawasawa). Ukiwa na mifuko ya miguu miwili tu, ivike miguu inayotazama upepo unakotoka, kwani mfuko ulio kwenye mguu wa upande ambako upepo unakwenda hauzuii kupinduka. Fupisha miguu pia, hata kama utalazimika kuinama ukisoma. Mwavuli wa kivuli usiufunge kwenye tripodi kabisa.

Kuna mahali uzito unaharibu. Kwenye matope, kilo 19 zinazamisha miguu huku ukipima. Hapo mimi hupigilia vigingi vitatu vya mbao, sentimita 5 kwa 5, virefu kiasi cha kufika udongo mgumu, na ncha zikae juu ya vichwa vyake. Lami iliyopata joto la mchana ni hivyohivyo: weka kibao chenye kishimo chini ya kila ncha. Sakafu ya vigae inataka kamba au mnyororo wa kuunganisha miguu yote mitatu isiteleze nje.

Na kabla hujasumbuka na mchanga, kagua tripodi yenyewe. Lenga kitu chembamba, shika kichwa cha tripodi, kisokote kidogo kwa vidole kisha uachie. Nyuzi za darubini ya kifaa (mistari ya msalaba ya kulengea) zirudi palepale. Zikibaki pembeni, kuna bawaba iliyolegea, klampu isiyobana au ncha ya chuma inayocheza kwenye mbao, na hakuna uzito utakaotibu hilo. Kaza bawaba mpaka ukiinua tripodi kwa kichwa, miguu ibaki ilivyopanuliwa bila kujifunga.

Wakati wa kufungasha, toa kifaa kwanza ukiweke kwenye sanduku lake, ndipo uvue mifuko.