Chupa ya Chai Juu ya Sinia

Ijumaa ya tarehe 8 Aprili 2016 Baba alikuwa kwangu Pumwani. Alikuja Nairobi kutoka Ngomeni, kijiji cha pwani karibu na Malindi, kutibiwa mgongo, na maumivu yalikuwa hayamwachi alale mapema. Mimi nami nilikuwa naingoja Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukakaa kitandani bega kwa bega.

Baba na roketi wanajuana. Wataliano walipokuwa wakizirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chao, yeye alikuwa mtoto. Tarehe 12 Desemba 1970 aliiona kwa macho yake ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru. "Kifikacho juu ni kidogo tu," huwa anasema. "Chuma chote kilichobaki chaanguka maji makuu, na ndiyo basi." Husema hivyo kwa uchungu, kama anayesimulia jahazi lililozama na shehena.

Saa 5:43 usiku ikaruka kutoka Florida. Nilimwambia asiitazame inayopanda, aisubiri sehemu ya chini inayorudi. Majaribio 4 ya kuitua juu ya meli isiyo na watu yalikuwa yameishia roketi kuvunjika. Dakika kama 8 baadaye, picha ikawa inatoka kwenye ndege: bahari ya Atlantiki imechafuka, mawimbi yana povu jeupe, na katikati sitaha ndogo kama kipande cha mkeka. Roketi ikashuka kwa mshazari, ikiegemea upepo, moto chini. Ikajinyoosha, ikatua kwa miguu 4. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Baba hakupiga kelele. Alisogeza uso karibu na simu.

"Na sasa yafungwa na nani?"

Sikumwelewa. Akaiondoa simu, akaisimamisha chupa katikati ya sinia, akaliinua kwa mikono miwili na kuanza kuliyumbisha polepole, kushoto, kulia, jinsi dau linavyoyumba likitiwa nanga. Kovu la kamba kwenye kiganja chake lilikuwa limekaza. Chupa ikateleza kidogo, haikuanguka.

"Chai imebaki chini," akasema. "Ingejaa ingelala."

Ndivyo ilivyo hasa. Matangi ya juu huwa karibu matupu, na uzito mwingi uko chini kwenye injini 9. Nikamsimulia pia zile roketi za pembeni za shuttle, chombo cha zamani cha Marekani cha kupeleka watu angani, zilizoshuka kwa miavuli hadi majini: wapiga mbizi waliziba tundu la nyuma, wakapuliza hewa ndani mpaka zikalala juu ya maji, kisha meli Liberty Star na Freedom Star zikazivuta hadi pwani. Hapo alitikisa kichwa kwa furaha. Hiyo ni kazi anayoijua. Lakini hii iliyosimama wima bado ilimkera. Nikasoma, nikamwambia mabaharia watapanda wachomelee viatu vya chuma juu ya miguu yake. Akalala.

Jumanne roketi iliingizwa bandari ya Port Canaveral, ingali imesimama. Picha nilimwonyesha jioni stendi, basi la Malindi likiwa linapakia. Alifunika sehemu ya juu kwa kidole gumba, akabaki anaitazama miguu, muda mrefu, utingo akimwita.

"Wameifunga," akasema, akanirudishia simu.